Nyumba ya Fahali Bila Fahali: Tuliyojifunza Kijiji cha Pitões das Júnias

(Maneno haya yalisemwa na wajumbe watatu wa kikundi chetu katika mkutano mkuu wa vikundi vya kujisaidia, baada ya kurudi kutoka ziara ya Ureno. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa ili vikundi vingine navyo vipate kuyajadili.)



Kabla ya kuanza tuseme jambo moja, maana tumesikia maneno huko sokoni. Safari hii haikulipiwa na pesa ya kikundi hata senti moja. Nauli na chakula vililipwa na wenyeji waliotualika. Aliye na wasiwasi atauona mkoba wa stakabadhi hapa mezani baada ya mkutano. Haya, sasa tuendelee.

Mlitutuma watu watatu. Mlituambia twende tukaone wakulima wa huko wanavyofanya kazi kwa pamoja, halafu turudi tuseme ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba tulienda na aibu moyoni. Kila mtu hapa anajua habari ya fahali wetu. Kwa hiyo tulipofika kwa watu na kuulizwa, "Na ninyi kwenu mna mradi gani?" mioyo ilishtuka kidogo. Tutalirudia jambo hilo mwishoni. Hatutalikwepa.

Kwanza, ni mahali gani?

Kijiji kinaitwa Pitões das Júnias. Kiko kaskazini kabisa mwa Ureno, karibu na mpaka wa Uhispania, katika wilaya ya Montalegre. Eneo lote hilo huitwa Barroso. Kijiji kiko juu mlimani, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Sisi tulidhani Ulaya ni mahali pa barabara pana na majumba marefu. Kumbe kuna Ulaya nyingine, ya nyumba za mawe magumu ya itale, njia nyembamba za kupita ng'ombe, na harufu ya samadi kama hapa kwetu. Tulipoisikia ile harufu, mmoja wetu alisema, "Sasa tumefika kwa watu."

Kuhusu baridi, wenyeji wana msemo kwamba kwao kuna miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Sisi tulifika Agosti, basi tukaionja hiyo jehanamu kidogo tu. Lakini tuliona kuni zilizopangwa hadi kwenye mapaa, tukaelewa kwamba wanajua kinachokuja.

Watu wa kijiji hawafiki 200. Tafadhali lishikeni jambo hilo, maana tutalihitaji. Wanafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wanalima viazi, na pia nafaka iitwayo rai, ambayo ni ndugu wa ngano lakini huvumilia baridi na udongo hafifu. Mkate wa rai ni mweusi na mzito. Ukila vipande viwili asubuhi, saa sita bado umeshiba.

Jambo moja lilitufurahisha. Mwenyeji mmoja alinyoosha mkono kutuonyesha kanisa, akasema "igreja." Sisi tukasikia kama "gereza," tukaangaliana! Baadaye tukaelezwa kwamba wataalamu wa lugha husema neno letu gereza lilitoka hasa kwenye neno hilo la Kireno, tangu siku za Wareno huko pwani yetu, wale waliojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Meza ni neno lao, bendera vile vile. Basi tulipokaa chakulani tukasema "meza," wao wakasema "mesa," na kicheko kikawa kingi. Historia ya watu hao na pwani yetu si nzuri yote, si mnajua. Lakini mkulima wa mlimani aliyetukaribisha hakuijenga Fort Jesus, kama ambavyo sisi nasi hatukuibomoa.

Monasteri ya bondeni

Siku ya pili tuliteremka kuiona monasteri ya Santa Maria das Júnias. Ukiwa kijijini huioni. Unashuka kwa miguu njia ya mawe mpaka bonde jembamba lenye kijito, na hapo unaikuta, imejificha kama kuku aliyelalia mayai. Kwenye ukuta wa kanisa kuna maandishi yaliyochongwa ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya mwaka 1147. Baadaye, katika karne ya 13, watawa wa hapo walijiunga na shirika la Wasistersia, wale wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya kusali na kufanya kazi kwa mikono.

Haikuwa monasteri ya matajiri. Watawa walifuga, wakalima vipande vidogo, wakatumia maji ya kijito. Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilizifunga nyumba zote za watawa wa kiume na kuchukua mali zao. Tangu hapo mapaa yakaanguka na miti ikaota ndani. Leo kanisa bado limesimama, na kando yake kuna matao machache ya ua wa ndani na kuta zisizo na paa. Mwezi wa Agosti watu wa kijiji huteremka hapo kwa sikukuu ya Bikira Maria.

Tulikaa juu ya mawe hayo tukafikiri. Watawa waliishi hapo miaka mia nyingi, kisha wakaondoka. Haikubomolewa na adui. Lakini hakukuwa tena na mtu wa kupanda juu kurudisha kigae kilichoanguka. Kigae kimoja kikileta maji, boriti inaoza, na boriti ikioza paa lote linakuja chini. Mzee mmoja wetu akasema, "Hii ni kama ile posho ya mwezi mmoja ambayo hatukuidai."

Jinsi walivyofanya kazi kwa zamu

Sasa tufike kwenye jambo mlilotutuma. Watu wa Barroso tangu zamani wamefanya mambo mengi kwa pamoja, na si kwa sababu wao ni malaika. Mlima ni mkali, mtu peke yake hawezi. Mwaka 2018 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilitambua ukulima wao kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Tutaje mambo manne.

La kwanza ni tanuri ya kijiji. Katika vijiji vya Barroso kuna tanuri moja kubwa ya mawe ambayo ni ya watu wote. Kila nyumba ilioka mkate kwa zamu. Sasa sikilizeni werevu wao. Anayeoka wa kwanza anapata tanuri baridi, kwa hiyo yeye ndiye anayemaliza kuni nyingi. Anayekuja baada yake anapata moto wa bure. Basi wakaamua kwamba hata hiyo zamu ya kuwa wa kwanza izunguke. Leo ni wewe, safari ijayo ni mwingine. Mzigo mzito wenyewe una zamu yake.

La pili ni maji. Mifereji huleta maji kutoka mlimani, na wakati wa kiangazi kila shamba lina siku na saa zake. Hata majira ya baridi hupitisha maji membamba juu ya malisho yao, maana maji yanayotembea huzuia nyasi zisiuawe na jalidi. Mfereji usiposafishwa na mmoja, wa chini wote wanakosa.

La tatu ni malisho ya pamoja. Milima mingi ni ardhi ya jamii, wao huiita baldios. Wakati wa utawala wa kidikteta, kuanzia miaka ya 1930, serikali iliichukua milima hiyo ikapanda misonobari na kuwazuia wafugaji. Mifugo ikapungua sana. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, sheria za mwaka 1976 ziliwarudishia wenyeji ardhi yao, na leo husimamiwa na mkutano wa wenyeji wenyewe pamoja na kamati wanayoichagua. Wale ndugu zetu waliotoka kwenye ranchi za vikundi, na sasa wanasikia habari ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, wataelewa haraka jambo hili. Sheria ni karatasi. Mkutano ndio unaoifanya itembee.

La nne ni uchungaji wa zamu, wenyewe huuita vezeira. Mifugo ya nyumba zote hukusanywa ikawa kundi moja na kupelekwa mlimani, na nyumba huchunga kwa zamu. Katika kijiji kingine cha wilaya hiyo hiyo, Fafião, bado wanafanya hivyo na ng'ombe zao wakati wa kiangazi. Tena huko Fafião tuliona kuta mbili ndefu za mawe zinazokaribiana mpaka zinafika kwenye shimo. Huo ni mtego wa mbwa mwitu. Watu wote walitoka, wakapiga kelele, wakamfukuza mnyama kati ya kuta mpaka akatumbukia. Mtu mmoja hawezi kujenga mtego kama huo, wala kuutumia.

Swali tulilopigwa nalo

Tulikaa na wazee wawili na mama mmoja nje ya nyumba, kijana mmoja akitutafsiria. Tukaona tusifiche. Tukawaeleza habari ya fahali wetu.

Kwa faida ya wageni, tuirudie kwa kifupi. Tulikuwa nyumba 34. Tulichanga, tukanunua fahali wa gredi ili kila mtu apandishe ng'ombe wake bila kulipa gharama kubwa ya sindano. Tukapanga zamu: kila nyumba siku moja ya kukata nepia, kuchota maji na kutoa chumvi. Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu maneno yakaanza. Wengine walichelewa, wengine wakatuma watoto, wengine hawakuja kabisa. Kiangazi kilipouma, fahali alikaa siku mbili amefungwa bila maji, kila mmoja akidhani ni zamu ya mwenzake. Akakonda. Tukamuuza kwa bei ya kutupa. Pesa iliporudi ikiwa kidogo, watu wakaanza kumwangalia Mama Mweka Hazina kwa jicho baya, mpaka akaacha kazi yake na akaacha kuja mkutanoni.

Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: mwenye ng'ombe mmoja alifanya siku ngapi, na mwenye ng'ombe sita alifanya siku ngapi?

Tukajibu, "Sawa sawa. Siku moja moja."

Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba katika uchungaji wao, siku zako huhesabiwa kwa mifugo yako. Mwenye wengi anachunga siku nyingi, mwenye wachache anachunga chache. Mjane mwenye mbuzi wawili hachungi sawa na mwenye arobaini.

Ndugu zangu, tulinyamaza. Miezi yote ile tulikuwa tukisema watu wa kikundi chetu ni wavivu, tena hawana umoja. Kumbe wale walioanza kuacha zamu walikuwa akina nani? Tulihesabu usiku ule kwa vidole. Wengi wao walikuwa wenye ng'ombe mmoja. Walikuwa wakiwakatia nepia ng'ombe wa wenzao, na hakuna aliyethubutu kulisema mkutanoni. Sisi wenye kamati tulikuwa na ng'ombe wanne, watano, sita. Tuliita jambo hilo usawa, kwa sababu usawa huo ulitufaa sisi.

Nyumba ya fahali

Kesho yake wakatupeleka kuona nyumba ya fahali. Ndiyo, hata wao walikuwa na fahali wa kijiji! Alikuwa mali ya watu wote. Alikuwa na zizi lake la mawe na malisho yake mwenyewe, na nyasi zake zilikatwa na watu wote. Tena alikuwa fahari yao. Fahali wa kijiji kimoja alipiganishwa na wa kijiji kingine, watu wakashangilia kama wanavyoshangilia Waisukha na Waidakho huko Kakamega. Mchezo huo bado upo kwao, lakini siku hizi mafahali ni wa watu binafsi.

Tulifungua mlango wa zizi tukitegemea kuona pembe. Tukaona picha ukutani, jembe la zamani, na maelezo ya kusoma. Nyumba ya fahali imekuwa jumba la makumbusho. Ni safi na imetunzwa vizuri, na wageni hulitembelea. Lakini ndani hakuna fahali.

Tukauliza, alikufa kwa sababu ya ugomvi kama wetu? Hapana. Watu waliisha. Kuanzia miaka ya 1960 vijana walikimbilia Ufaransa na nchi nyingine. Umaskini uliwasukuma, na pia vita, maana serikali yao ilikuwa ikiwapeleka vijana kupigana Angola, Msumbiji na Guinea tangu 1961 hadi 1974. Kijana wa mlimani alichagua kati ya kwenda kuua Waafrika asiowajua au kuvuka mpaka usiku akajenge nyumba za Wafaransa. Wengi walivuka. Waliobaki walikuwa wachache, na wenye ng'ombe wengi wakanunua mafahali wao wenyewe. Zamu haiwezi kuzunguka bila watu wa kuizungusha.

Agosti tuliyofika, kijiji kilijaa. Magari yalikuwa ya kutoka Ufaransa, watoto wakisema Kifaransa barabarani. Mama aliyetupikia alituambia kwamba Septemba wataondoka wote, na atasikia tena kijito usiku. Hakulia, lakini alikaa kimya muda mrefu, akafuta meza ambayo ilikuwa tayari imefutwa.

Hatusemi wamekufa moyo. Wanatengeneza soseji na nyama za kukausha kwa moshi, na kila Januari Montalegre kuna maonyesho makubwa ambapo akina mama huuza bidhaa hizo. Nguruwe mmoja akigeuzwa soseji huleta zaidi kuliko akiuzwa mzima. Wanapokea wageni wanaokuja kuona monasteri na maporomoko ya maji. Wanajitahidi. Lakini wana kanuni nzuri na watu wachache. Sisi tuna watu wengi, watoto wamejaa shuleni, na kanuni yetu ilikuwa mbovu. Kati ya mambo hayo mawili, lipi ni rahisi kurekebisha? Kanuni unaweza kuibadilisha leo alasiri.

Tunalopendekeza

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano huu ujadili mambo matatu.

1. Tukianza tena mradi wowote wa pamoja, uwe fahali, tangi au mashine ya kusaga, zamu na mchango vihesabiwe kulingana na faida anayopata kila mmoja. Mwenye ng'ombe watano afanye siku tano.

2. Kazi ile nzito kuliko zote ijulikane, nayo iwe na zamu yake. Kwetu sisi ni kuchota maji mwezi wa Februari. Isiachiwe akina mama wale wale kila mwaka.

3. Zamu zisomwe kwa sauti katika kila mkutano, kabla ya mambo ya pesa. Kigae kikianguka tukione siku hiyo hiyo.

La mwisho halikuwa kwenye karatasi yetu ya safari. Juzi tulikaa kamati nzima, tukafungua vitabu vya hesabu tangu siku tuliyomnunua fahali mpaka siku tuliyomuuza. Tulihesabu mara mbili, na kijana wa sekondari akahesabu mara ya tatu. Hakuna shilingi iliyopotea. Kilichopotea ni kilo za fahali, na hizo tulizipoteza sisi.

Mama Mweka Hazina, tunashukuru kwamba umekubali kuja leo, ingawa umekaa kule nyuma karibu na mlango. Tulikuacha usemwe vibaya kwa sababu ilikuwa rahisi kutafuta mwizi kuliko kutafuta kosa katika kanuni tuliyoiandika wenyewe. Tunasema mbele ya wote: hukuchukua kitu. Tunakuomba msamaha. Ukitaka kurudi kwenye kazi yako, vitabu viko hapa mezani. Usipotaka, bado ni wetu na bado unaheshimika.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi chako

1. Katika mradi wenu, nani anapata faida zaidi, na nani anafanya kazi zaidi? Je, ni mtu yule yule?

2. Kuna mwanakikundi aliyeacha kuja mikutanoni? Mmeshamwendea nyumbani kumwuliza sababu?

3. Ni kigae gani kimoja kimeanguka katika kikundi chenu mwaka huu, na nani atakirudisha, lini?

4. Vijana wenu wakiondoka wote, ni kazi gani ya pamoja itakayokufa kwanza? Mnaweza kufanya nini sasa ili wapate sababu ya kubaki?